Mitungi Barazani

Magdalena hakuwa mtu wa kelele. Waliomjua pale Namitema, kijiji kilichokaa ukingoni mwa uwanda wa Newala, watakwambia hivyo hivyo: mwanamke mfupi, mweusi, mwenye shingo nene ya kubebea maji, anayeitikia salamu bila kusimama. Lakini ukimdhulumu hatapiga yowe. Atakutazama, atatua alichobeba, na hapo ndipo utajua umeingia matatani. Mumewe Barnaba, aliyepanda mlima kutoka Lupaso kuja kuoa na kukaa ukweni kama desturi inavyotaka, alizoea kusema kwamba akimwona mkewe anatua mzigo polepole, yeye hutafuta shughuli ya kwenda shambani.

Mzigo wenyewe ulikuwa maji. Uwanda ule Mungu aliupa mvua, mihogo, mikorosho na ming'oko, viazi vya kuchimba porini, akaunyima chemchemi. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza yote, na maji yanajitokeza huko chini kabisa bondeni, mwendo wa saa nzima kushuka na saa mbili kupanda, mtungi kichwani. Wakubwa waliopita na magari yao walisema watu wa uwandani hawapendi kuoga. Hakuna hata mmoja aliyesema habari za shingo za wanawake.

Sasa huko bondeni kulikuwa na serikali. Ndiyo, serikali, na ilikuwa bora kuliko ile yenye bendera, maana haikuwa na askari na kila mtu aliitii. Wakati wa kiangazi chemchemi hudondosha maji kidogo kidogo, kwa hiyo mwanamke akifika anauweka mtungi wake mwisho wa safu, kisha anakwenda zake kupumzika au kukata kuni. Mtungi uliosimama mdomo juu ni mtu. Mwenyewe yupo, anangoja zamu. Mtungi uliofudikizwa, mdomo chini, maana yake mwenyewe amejitoa, hataki tena. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa mtungi wa mwenzake isipokuwa mlinzi wa safu, mwanamke waliyemchagua siku hiyo, akae na mitungi aisogeze mbele kwa zamu. Na kwa kuwa mlinzi hakupata nafasi ya kuteka, kila aliyejaza alimmiminia kata moja, mpaka mtungi wake nao ukajaa.

Mke wa mwenye ng'ombe, bibi kizee mwenye pambo la ndonya mdomoni, bibi harusi wa juzi, wote walikuwa safu moja. Aliyehamisha mtungi wa mwenzake alirudishwa nyuma kabisa. Magdalena aliwahi kumrudisha nyuma dada yake liwali, na yule mama, pamoja na kanga zake mpya, alikwenda kimya kimya na kukaa huko mpaka jua la saa sita.

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na tano, Magdalena alikuwa na hofu moja tu. Binti yake wa pekee, Agnes, alikuwa na mimba ya miezi mitano, naye bado alishuka na kupanda kama wengine. Mwaka uliotangulia jirani yao Severina aliteleza kwenye mteremko na mtungi kichwani. Alipona yeye, mtoto aliyekuwa tumboni hakupona. Kila Agnes alipoinama kufunga ngata yake asubuhi, Magdalena alitazama pembeni.

Ndipo Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, kijana wa Kiingereza mwenye masikio mekundu, alipokuja na habari kwamba mashine itasukuma maji kutoka bondeni mpaka juu, na Namitema itapata bomba moja, lenye kufuli ili lisichezewe. Watu walicheza ngoma siku mbili. Waislamu na Wakristo walicheza pamoja, na Esha, rafiki yake Magdalena tangu utoto, alicheza mpaka akapoteza kiatu.

Furaha ikaingia mdudu. Mdudu mwenyewe alikuwa Jumbe Silvesta. Watu wa uwandani tangu zamani hawakuwa na wafalme. Kila kitongoji kilikuwa na wakubwa wake na walipatana kwa kukaa chini na kusemezana. Cheo cha ujumbe kililetwa na serikali, na Silvesta alikipata kwa sababu ya mwandiko mzuri. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Mikono yake pia ilibaki mizuri, kwani mikorosho yake ililimwa na watu wengine kwa jina la kazi ya serikali. Alisema bomba likae uani kwake na ufunguo akae nao yeye, kwa kuwa mali ya serikali haina budi kukaa kwa mtu wa serikali.

Kila mtu alielewa. Asiyefika kulima mikorosho ya Jumbe angekuta kufuli limefungwa. Wazee wakataka bomba liwekwe njia panda, zinapokutana njia za vitongoji vyote vitatu, mahali pasipo na ua wa mtu. Maneno yakawa mengi. Bwana Shauri, ambaye wakubwa zake walikuwa wamemtuma awafundishe watu kujitawala, akaamua ipigwe kura: siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, watu wapange safu mbili barazani, na kila atakayekuwapo kwenye safu, mwanamume au mwanamke, ahesabiwe.

Tarishi Lukmani, mtu wa Lindi, alizunguka akipiga debe na kutangaza. Alipofika kwa Magdalena alimkuta anamenya muhogo.

“Saa mbili kaitaja nani?” Magdalena akauliza.

Lukmani alisema saa ilitajwa na Jumbe. Magdalena akaweka kisu chini, polepole. Barnaba akakumbuka kwamba kuna ua wa shamba uliobomoka.

Saa mbili asubuhi, wakati wa kiangazi, hakuna mwanamke Namitema. Wote wako bondeni, na siku wasiposhuka watoto hawanywi. Magdalena alimfuata Jumbe nyumbani kwake na kumweleza hayo, kwa adabu, akimwita Baba Yeremia kama watu waliokua pamoja wanavyoitana, wala si Jumbe. Silvesta alicheka. Alimwambia hakuna aliyemzuia mtu. Serikali imewaruhusu wote, na asiyekuja amejinyima mwenyewe. Magdalena alirudi nyumbani akiwa na hasira. Kama angeambiwa wazi kwamba wanawake hawatakiwi, angeumia kidogo tu. Kilichomuuma ni kuitwa kwenye mlango ambao mwenye nyumba anajua huwezi kuufikia, kisha kesho uambiwe mbona hukuja.

Jumanne alfajiri wanawake walipita barazani kama kawaida, wakielekea kwenye mteremko. Tangu jana yake Bwana Shauri alikuwa amekwisha kuchomeka vijiti viwili uwanjani, kimoja chenye kitambaa chekundu cha upande wa Jumbe, kingine chenye kitambaa cheupe cha njia panda. Magdalena alikuwa amebeba mitungi miwili, wa kutekea na wa akiba. Aliuchukua wa akiba, akauweka nyuma ya kitambaa cheupe, mdomo juu.

Esha aliutazama ule mtungi, akamtazama mwenzake, akageuka kurudi nyumbani mbio. Aliporudi alikuwa na mtungi wake, akauweka wa pili. Wengine wakafuata, hawa wakirudi majumbani, wale wakiazima kwa mama zao, mpaka kulipopambazuka mitungi ilikuwa sitini na mmoja, imesimama kama inavyosimama chemchemini. Mmoja wao uliletwa na mwanamke aliyejitanda mpaka machoni, akauweka wa nne, nyuma ya mtungi wa Severina, akaondoka bila kusalimu. Wenzake walijifanya hawakumwona.

Wakamwambia Magdalena abaki, awe mlinzi wa safu. Agnes alibeba mtungi wa kutekea wa mama yake pamoja na wake, Esha akampokonya mmoja, na kundi zima likateremka.

Saa mbili wanaume wakaja. Ilikuwa kama Jumbe alivyopiga hesabu: wengi walikwenda kwenye kitambaa chekundu, si kwa mapenzi bali kwa kulifikiria lile kufuli. Barnaba naye alikuwa huko, nyuma ya mtu mrefu, akijikunja asionekane. Upande wa kitambaa cheupe walisimama wanaume wachache, na nyuma yao mitungi, na kando ya mitungi Magdalena, peke yake, mikono kiunoni.

Bwana Shauri aliuliza mitungi ile ni ya nini. Magdalena akamweleza habari za chemchemi na safu, na kwamba wenye mitungi wamekuja wakachagua, kisha wamekwenda kutafuta maji ya kunywa watoto wa hao hao wanaume anaowahesabu. Bwana Shauri alitabasamu, wala si kwa ubaya.

“Mama, ninasikitika. Mtungi si mtu. Siwezi kuhesabu mtungi.”

“Bwana Shauri,” Magdalena akasema, “kule bomani ukutani iko picha ya Malkia. Wanaume wakiingia wanaivulia kofia. Malkia mwenyewe hajakanyaga huku hata siku moja. Wewe umekaa kwenye kiti hicho kwa niaba yake, na tunakuitikia. Kama picha inaweza kututawala, mtungi unashindwaje kuchagua?”

Mtu mmoja alikohoa, akajilaumu kwa kukohoa. Masikio ya Bwana Shauri yalizidi wekundu, akafungua kitabu chake, akakifunga, akasema sheria inataka mtu awepo mwenyewe. Magdalena akamjibu kwamba basi sheria ingoje mtu arudi.

Jumbe Silvesta aliona mambo yanamponyoka. Akamwagiza tarishi aondoe ile mitungi uwanjani, watu wahesabiwe waende makwao. Lukmani akauliza aanzie wapi.

“Anza popote,” Jumbe akasema.

Tuseme ukweli, Lukmani hakuwa mtu mbaya. Alikulia nyumba yenye kisima uani na hakujua alichokuwa akikifanya. Alishika mtungi uliokuwa karibu na mkono wake, mkubwa, wenye nakshi za mifupa ya samaki shingoni, akautoa kwenye safu na kwenda kuuweka kando juu ya majani.

Kila mwanaume pale aligeuka kuutazama ule mtungi. Walikuwa wameona watu wakipigwa na kuona wazee wakitukanwa na askari, wakavumilia. Lakini mtungi kutolewa kwenye safu hawakuwahi kuona. Mama zao waliwafundisha hilo kabla ya kuwafundisha kusema asante.

“Baba Yeremia,” Magdalena akasema bila kupaza sauti, “mwambie aurudishe. Huo ni mtungi wa mkeo.”

Jumbe alizitazama zile nakshi. Alizijua, aliziona kila siku pembeni mwa mlango wake. Sophia, Mama Yeremia, mke wake wa ndoa ya kanisani, ambaye uani kwake ndiko bomba lilikotakiwa kwenda, alikuwa wa nne kwenye safu ya kitambaa cheupe.

Mzee Nikolao alikuwa mtu wa kwanza kwenye safu ya Jumbe, mtu mzima mwenye mguu mbovu. Alitoka kwenye kitambaa chekundu akichechemea. Alisema kwamba mama yake alimzaa njiani akitoka bondeni, na kwamba yeye hawezi kusimama upande ambao mitungi inahamishwa hali mlinzi wa safu yupo anatazama. Akaenda kusimama mbele ya mitungi. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, macho chini. Lukmani naye, bila kuagizwa, aliurudisha ule mtungi mahali pake pa nne na kuupangusa majani. Barnaba alivuka karibu wa mwisho. Alipopita mbele ya mkewe alisema alikuwa anatafuta kivuli.

Hata hivyo hawakutosha. Woga una mizizi mirefu, na wengine walikuwa na watoto wadogo. Bwana Shauri alihesabu wanaume hamsini na wanne kwenye kitambaa chekundu, arobaini na watatu kwenye cheupe. Mitungi sitini na mmoja hakuihesabu, ila Magdalena alihesabiwa kama mtu mmoja. Akaandika kwamba bomba litakwenda uani kwa Jumbe, akawashukuru wote kwa utulivu, akaondoka na gari lake.

Wanawake waliporudi saa sita, wamelowa jasho, walimkuta Magdalena amekaa chini palepale, hajaondoa mtungi hata mmoja. Aliwaambia matokeo. Kisha Esha akachota kata moja kwenye mtungi wake, akaimimina katika mtungi wa akiba wa Magdalena, kama inavyotakiwa kwa mlinzi. Akafuata Severina, akafuata Agnes, wakafuata wote. Magdalena alilia hapo. Alilia kwa hasira, na kwa mapenzi pia, na hakujificha.

Bomba lilifunguliwa miezi miwili baadaye, joto likiwa kali na mvua bado mbali. Uani kwa Jumbe palifagiwa. Wanawake wote waliitwa na wote wakaja, wakapanga mitungi yao safu ndefu mpaka nje ya ua. Jumbe aliona safu ile na uso wake ukang'aa. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli, maji yakatoka, safi, kwa nguvu, na watoto wakashangilia.

Magdalena alikuwa wa kwanza kwenye safu. Aliinama, akaushika mtungi wake, akaufudikiza. Wa pili akaufudikiza wake, na wa tatu, mpaka mwisho wa safu, sauti ya udongo ikigusa mchanga. Kisha wakafunga ngata zao, wakachukua mitungi mingine waliyoiacha nje ya ua, na wakashuka bondeni. Sophia alishuka nao, safari hii uso wazi.

Siku ya pili walishuka. Wiki ya pili walishuka. Si kwamba ilikuwa rahisi, na asikudanganye mtu. Wako waliopita mbele ya ua ule wakasikia bomba likidondosha maji, wakatamani kulia. Jumbe alikuwa na ufunguo, bomba na mwandiko mzuri, na hakuna aliyemwomba kitu. Kwa kuwa hata mkewe hakuteka pale, ilibidi ajaze debe mwenyewe na kulibeba mpaka jikoni, hatua ishirini, maji yakimwagikia shati.

Ndipo alipotuma mtu kwa Magdalena. Agnes alikuwa amefikia mwezi wa nane. Ujumbe ulisema kwamba kwa huruma, Agnes peke yake ateke kwa Jumbe wakati wowote, bila kulima, bila kuulizwa. Barnaba alimsihi mkewe akubali. Alisema siasa wawaachie wenye nguvu, huyu ni mtoto wao. Kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze Magdalena aliogopa kweli kweli; alimwona Severina kwenye mteremko kila alipofumba macho. Akaona si haki aamue yeye. Akamwita Agnes.

“Mama,” Agnes akasema, “akinipa leo kwa kunihurumia, kesho asiponihurumia nitamwambia nini? Na hao wengine watanipita mlangoni kwake nikiwa nateka?”

Jioni ile Esha alifika akiwa na kata ya maji. Habari zilikwisha kuenea. Alimimina ile kata katika mtungi wa Agnes, na nyuma yake walikuwapo wengine. Tangu siku hiyo Agnes hakushuka tena. Kila nyumba ilimpa kata moja kila siku, kama anavyopewa mlinzi wa safu, na kwa maji hayo alipika, akafua, na ndiyo yaliyomwosha mtoto wake wa kiume wiki chache baadaye.

Bwana Shauri alirudi mvua zilipokaribia. Alikuwa ametumiwa habari kwamba Namitema ina bomba lisilo na watu. Aliingia uani kwa Jumbe akakuta mchanga mkavu, na safu ya mitungi iliyofudikizwa bado iko palepale, kwa sababu hakuna mtu, hata Jumbe, aliyethubutu kuigusa. Akaitisha watu. Akauliza nani aliyewaamuru wanawake wasiteke maji, ataje jina lake.

“Hakuna aliyetuamuru,” Magdalena akasema. “Angekuwepo ungemfunga, na kesho yake tungekuja kuteka kwa Jumbe.”

Bwana Shauri aliitazama tena ile mitungi kwa muda mrefu. Midomo yake ilicheza kama mtu anayehesabu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba kura itarudiwa, Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi.

“Hapana,” Magdalena akasema. “Safari hii saa tutaitaja sisi.”

Walitaja saa kumi na moja jioni, maji yakiwa yamekwisha kufika nyumbani. Wanawake walisimama kwa miguu yao nyuma ya kitambaa cheupe, na hesabu haikuchukua muda. Bomba likahamishiwa njia panda. Bwana Shauri alimkabidhi Magdalena ufunguo, akidhani ndiye Jumbe mpya wa maji. Magdalena aliupokea, akampa Esha hapo hapo, na Esha kesho yake akampa Severina. Kila siku mlinzi wa safu alikuwa mwingine, na ufunguo ulilala nyumbani kwa mlinzi. Ilipofika zamu ya Sophia, ulilala kwa Jumbe Silvesta, juu ya meza yake, karibu na kalamu. Asubuhi mkewe akauchukua akatoka nao.